Lifti ya Angani

Mji tunaoishi unaitwa Mount Gambier. Uko kusini mwa Australia, karibu na mpaka wa majimbo ya South Australia na Victoria, na kutoka hapa hadi Adelaide, zilipo hospitali kubwa za jimbo letu, ni zaidi ya kilomita 430. Kwa gari ni saa tano kama utasimama mara moja kunywa chai. Kwa basi ni zaidi ya hapo. Wakongo tuko wengi hapa kuliko mtu angetegemea katika mji mdogo kama huu. Wengi wetu tulipitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ndiyo maana Kiswahili chetu kina Fizi ndani yake na kina Kasulu pia. Tunafanya kazi kwenye viwanda vya mbao, machinjioni na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Maisha si mabaya. Ila daktari bingwa yuko Adelaide.

Jirani yetu, ambaye hapa nitamwita Mama Neema ingawa si jina lake, ana binti wa miaka 11 ambaye uti wake wa mgongo unapinda. Mtoto huvaa mkanda mgumu wa plastiki kuanzia kwapani hadi kiunoni, na kila baada ya miezi michache lazima aonwe na bingwa. Kukaa saa tano au sita kwenye kiti cha basi akiwa na mkanda ule ni mateso. Mama Neema hana gari la kuaminika kwa safari ndefu, na akiwa njiani siku mbili anakosa mshahara wa siku mbili. Serikali ya jimbo ina mpango wa kusaidia wagonjwa wanaosafiri zaidi ya kilomita 100 kumfuata bingwa, lakini hurudisha sehemu ya gharama baada ya safari, na wewe msomaji unajua jinsi neno "baada" lilivyo zito kwa mtu ambaye pesa ya kutangulia hana.

Basi nesi mmoja akamwambia kuna marubani wa kujitolea. Ni watu binafsi wenye ndege zao ndogo, au wanaokodi, ambao hubeba wagonjwa wa vijijini kwenda mijini bila kuwatoza hata senti. Shirika la hisani hupanga safari na huchangia mafuta, na rubani hutoa muda wake na ndege yake. Mgonjwa asiwe mahututi. Lazima aweze kupanda mwenyewe ngazi ya bawa na kukaa kwenye kiti cha kawaida, maana humo hakuna nesi wala kitanda. Wengi huchanganya jambo hili na Royal Flying Doctor Service, ile huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza huku mwaka 1928, au na Flying Doctors wa AMREF ambao kwetu Afrika Mashariki wanajulikana tangu 1957. Hao ni waajiriwa, ndege zao ni za kitabibu, na wanasimamiwa hivyo. Hawa wengine ni jirani anayekupa lifti, isipokuwa lifti yenyewe iko juu angani.

Jumapili moja baada ya ibada Mama Neema alikuja nyumbani na fomu. Mimi pembeni ya kazi yangu ya kiwandani ni mkalimani, nina cheti. Kanuni za ukalimani ni kali: usiongeze, usipunguze, usishauri. Lakini hiyo ni ofisini. Sebuleni kwangu, mtu akiwa ameshika kikombe cha chai mkononi, mimi ni Baba Amani tu.

Tulisoma fomu mstari kwa mstari. Tukafika mahali palipoandikwa, kwa maana yake, kwamba safari hii ni ya binafsi, kwamba haifanyiki kwa viwango vinavyotakiwa kwa ndege za abiria, na kwamba abiria anafahamu hatari hiyo na anaikubali. Mama Neema akaweka kikombe chini.

"Baba Amani, wanasema ndege ni mbovu?"

"Hapana, dada. Wanasema sheria inayoisimamia si ile ya ndege kubwa."

"Sasa kama si mbovu, kwa nini wananiambia?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Najua kuna familia nyingi zetu kwenye miji midogo ya Australia na Marekani ambazo nazo zitawekewa karatasi kama ile mbele yao siku moja, na nyingi zitasaini bila kuuliza.

Nilimweleza kwa mfano wa barabarani. Daladala inabeba watu kwa nauli, kwa hiyo inatakiwa iwe na leseni ya njia, dereva awe na daraja lake la leseni, gari likaguliwe. Lakini mwenye gari binafsi akikukuta kituoni akakwambia panda twende, hakuna anayemdai leseni ya biashara. Anatakiwa kujua kuendesha na gari lake liwe na hali ya kawaida, basi. Sheria inachukulia kwamba wewe na yeye mmeelewana. Na angani ni hivyohivyo karibu dunia nzima. Anayeuza tiketi anabanwa sana: marubani wawili kwenye ndege zake nyingi, mazoezi ya mara kwa mara kwenye mashine za kuigiza, ofisi nzima ya watu wanaomkagua. Anayebeba rafiki zake bure anabanwa kidogo. Leseni ya rubani wa binafsi hapa inaweza kupatikana kwa takribani saa 40 za kuruka. Ili abebe abiria, kanuni ya jumla inamtaka awe amepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Kwa mtu anayempeleka shemeji yake kuona bahari siku ya Jumamosi, inatosha. Hali ya hewa ikiharibika Jumamosi wanabaki nyumbani, hakuna aliyepoteza kitu.

Mgonjwa ni jambo jingine. Mgonjwa ana miadi.

Hapa Mount Gambier jambo hili si la kusoma kwenye vitabu. Tarehe 28 Juni 2017 ndege ndogo ya injini moja ilikuja uwanja wetu kuchukua msichana na mama yake kuwapeleka Adelaide hospitalini. Safari ilipangwa na Angel Flight, shirika kubwa la aina hii nchini. Juni huku ni katikati ya baridi, na asubuhi hiyo mawingu yalikuwa chini sana. Rubani alipaa nao. Muda mfupi tu baada ya kupaa ndege ilianguka, karibu na uwanja wenyewe, na wote watatu wakafariki. Mji mdogo haumezi habari kama hiyo haraka. Miaka imepita, na bado ukitaja ndege za kujitolea kwa muuza duka wa hapa, ananyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Ofisi ya serikali inayochunguza ajali za usafiri, ATSB, ilitoa ripoti yake Agosti 2019. Rubani hakuwa na sifa ya kuruka ndani ya mawingu. Kuruka mawinguni ni fani ya peke yake, mtu hufundishwa na kupimwa kuacha kutazama nje na kuamini saa na mishale iliyo mbele yake. Asiye na fani hiyo anatakiwa aone ardhi na upeo muda wote. Ripoti ilieleza kwamba huenda aliingia mawinguni, akapotewa na mwelekeo.

Kupotewa huko si uzembe wala woga, na nilipenda Mama Neema aelewe hilo ili asimhukumu marehemu. Ndani ya sikio kuna maji yanayotuambia tumesimama wima au tumeinama. Macho yakiona ardhi, yanalisahihisha sikio. Macho yakikosa cha kuona, sikio linadanganya, na linadanganya kwa uhakika kabisa. Mnakumbuka ule mchezo wa utotoni wa kumfunga mwenzako kitambaa machoni, unamzungusha, kisha unamwambia tembea? Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1954: watu 20 wasio na mafunzo hayo waliwekwa kwenye hali ya kuigiza kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Haikuwa mara ya kwanza. Agosti 2011 ndege nyingine iliyopangwa na shirika hilohilo ilikuwa ikimrudisha mgonjwa nyumbani Nhill, jimbo la Victoria, kutoka Melbourne. Jioni ilikuwa inaingia na hali ya hewa mbaya. Ikaanguka karibu na Horsham. Watu watatu walikuwemo na hakuna aliyepona.

Kabla hata ripoti ya pili haijatoka, mamlaka ya usafiri wa anga, CASA, ilitunga masharti mapya yaliyoanza Machi 2019 kwa safari hizi wanazoziita safari za huduma kwa jamii. Rubani mwenye leseni ya binafsi sasa lazima awe na saa zisizopungua 400. Lazima awe ametua na ndege ya aina hiyo ndani ya siku 30 zilizopita. Usiku haruhusiwi kuruka kwa kutegemea macho. Ndege ifanyiwe matengenezo kila saa 100 za kuruka au kila mwaka, kinachotangulia, na safari iandikwe kwenye daftari la rubani kwa jina lake la huduma kwa jamii, ili siku moja watu waweze kuzihesabu safari hizi badala ya kuzikisia.

Marubani wengi walikasirika. Suala lilifika Seneti, likafika mahakamani, masharti yakabaki. Hoja yao nimeisoma kwa makini kwa sababu si ya kipuuzi. Walisema: hayo masharti yangezuia nini katika ajali zile mbili? Mtu mwenye saa 400 asiye na fani ya mawingu akiingia mawinguni, anapotea kama mwenye saa 100. Walisema pia kila sharti unaloongeza linapunguza watu wa kujitolea, na atakayekosa usafiri si waziri wa Canberra, ni bibi wa kijijini. ATSB nayo ilisema ukihesabu kwa safari, kiwango cha ajali za vifo kwenye safari zile kilikuwa zaidi ya mara saba ya kile cha safari nyingine za binafsi. Shirika likajibu kwamba hesabu haikuwa ya haki, kwa kuwa iliacha safari ambazo rubani huruka peke yake kwenda kumchukua mgonjwa na kurudi baada ya kumshusha.

Mimi si rubani. Lakini nimekaa upande wa abiria, na kwa upande huo naona mambo mawili. La kwanza, saa 400 peke yake hazinipi usingizi, hapo wana haki. Kilichonigusa zaidi katika ripoti ni pendekezo lenyewe: shirika lizingatie kutumia ndege za kawaida za abiria pale zilipo. Mount Gambier ina ndege za ratiba za kwenda Adelaide. Tiketi ni ghali kwa Mama Neema. Kwa shirika linalochangia mafuta ya ndege nzima, sidhani kama tofauti ni kubwa kama tunavyofikiri. La pili, hata aliyepinga masharti hawezi kupinga kwamba rubani wa mgonjwa anabanwa na kitu ambacho rubani wa Jumamosi habanwi nacho. Ameahidi. Mama na mtoto wamesimama uwanjani wamevaa nguo zao nzuri. Daktari anasubiri. Hapo ndipo mtu mwema anapaa wakati asingepaa akiwa peke yake.

Wasomaji mlioko Marekani, kwenu nako ni hivyo. Rubani mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kulipwa, na safari za hisani zinakwenda chini ya kanuni za safari binafsi. Mwaka 2010, baada ya ajali kadhaa, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilipendekeza mashirika yahakikishe rubani ana sifa zinazokwenda na wakati kabla ya kila safari, na wagonjwa waambiwe mapema, tangu wanapoulizia, kwamba safari yao haitafuata viwango vya ndege za biashara. Kwa hiyo ile karatasi iliyomshtua Mama Neema ni ushindi wa watu fulani waliopigania tuambiwe. Ajabu ni kwamba tunaambiwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ukurasa wa tatu.

Sasa turudi kwa Mama Neema na ugumu wenyewe, ambao haukuwa wa lugha.

Nilimwambia, "Dada, una haki ya kumuuliza rubani maswali kabla ya kusaini."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nimuulize mtu anayenisaidia bure? Nimwambie niletee leseni yako niione?"

Nilimwelewa. Nyarugusu tulisimama kwenye foleni ya mgao: unga, maharage, mafuta, chumvi. Ukipewa, unapokea kwa mikono miwili na unaondoka. Aliyeuliza kwa nini unga una wadudu alionekana hana shukrani, na mara nyingine jina lake lilikumbukwa vibaya. Tulipokuja huku tulipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani tukiwa tumekumbatia ile mifuko meupe ya IOM yenye karatasi zetu, na hakuna mtu kati yetu aliyefikiria kuuliza rubani ana saa ngapi. Ungemuuliza nani? Nusu ya maisha yetu tumebebwa na watu wengine, kwa lori, kwa meli, kwa ndege, na adabu ya kubebwa ni kunyamaza.

Zaidi ya hayo, kwetu mtu akikufanyia wema, kumchunguza ni kumvunjia heshima. Sikutaka kumfundisha Mama Neema kuwa mtu mwingine. Tukakaa tukatafuta namna ya kuuliza inayokaa vizuri kinywani mwake.

Tuliandika maswali matatu tu. Je, mzee ana kibali cha kuruka mawinguni, au anaruka kwa macho tu? Mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini? Na kama siku ile hali ya hewa si nzuri, mpango wake ni upi? Mama Neema akasema la kwanza na la pili nimuulize mimi, yeye anaona haya. La tatu atalisema mwenyewe, kwa namna yake.

Rubani alipiga simu siku nne kabla. Ni mkulima mstaafu, sauti nzito ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe. Nikaweka simu sauti ya juu mezani. Alijibu maswali yangu bila kukasirika hata kidogo. Hana kibali cha mawingu, alisema, alikuwa nacho zamani akakiacha kiishe. Aliruka wiki iliyopita. Ana saa zaidi ya 1,200. Kisha Mama Neema akaniashiria.

"Mwambie mzee hivi," akasema. "Mwambie sisi tulikaa kambini miaka 17 tukisubiri. Siku moja haitatuua. Akiamka asubuhi akaona mawingu hayampendezi, asituonee haya. Asije kwa ajili yetu. Tutamshukuru vilevile kama aliyekuja."

Nilitafsiri, sikuongeza, sikupunguza. Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniomba nirudie ile sehemu ya mwisho. Nikarudia. Akasema, "Mwambie asante. Hiyo inanisaidia."

Mimi huona kwamba katika masharti yote ya CASA hakuna lenye nguvu kama hilo, ingawa nasema hivyo nikijua fika kwamba masharti lazima yawepo, maana si kila abiria atakuwa na mdomo wa Mama Neema, na si kila rubani atasikiliza. Kumfungua mtu ahadi yake kabla hajajifunga nayo ni jambo tunalolijua sana kwetu. Tunalifanya kwenye michango ya harusi, tunamwambia ndugu ambaye mambo yake hayajakaa sawa, "usijisumbue, ujio wako unatosha." Sikuwahi kuona likifanywa kwa rubani.

Siku ya safari ikafika. Saa 12:40 asubuhi simu ikalia kwangu. Ukungu. Mzee alikuwa amekaa na ripoti ya hali ya hewa tangu saa 11, na uwanja wetu haukuonekana kufunguka kabla ya adhuhuri. Hatakuja. Aliomba radhi mara tatu.

Nilivuka barabara kwenda kumwambia Mama Neema. Neema alikuwa tayari amefungwa mkanda wake, amesukwa nywele mpya, ana mkoba wa kalamu za rangi kwa ajili ya chumba cha kusubiri. Mama yake alinisikiliza, akaingia jikoni, akafunga mlango. Alikuwa amesema siku moja haitatuua, na nadhani aliamini aliposema. Lakini hospitali haikuwa na nafasi kesho yake wala wiki iliyofuata. Miadi mipya ilikuwa baada ya wiki tisa, na mtoto wa miaka 11 anakua katika wiki tisa. Mgongo unaopinda hupinda zaidi mtoto akiwa anakua, ndiyo sababu wanamwita mara kwa mara.

Saa nane mchana ukungu uliondoka na jua likawaka, anga safi kama mbingu ya Kigoma baada ya mvua. Mama Neema alisimama uani akaitazama. Hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Baada ya wiki tisa walikwenda kwa basi, kwa kuwa ilikuwa bado baridi na hakutaka kubahatisha tena. Neema alitapika mara mbili njiani. Picha ya eksirei ilionyesha mgongo umeongezeka digrii nne. Daktari alieleza kwamba tofauti ya digrii tatu au nne inaweza kuwa ni upimaji tu, si lazima mgongo wenyewe uwe umesogea. Mama Neema aliniuliza mara kadhaa kama nilitafsiri sawasawa. Nilitafsiri sawasawa. Mpaka leo sina hakika kama ameliamini neno hilo, na mimi mwenyewe usiku mwingine hulifikiria.

Kwa hiyo nikisema nafurahi kwamba mzee hakuja asubuhi ile, nasema nikijua bei yake. Ni bei iliyolipwa na mtoto, si na mimi. Mtu wa mamlaka anapoandika kanuni Canberra, na mtu wa shirika anapolalamika kwamba kanuni zinapunguza safari, wote wawili wanazungumzia asubuhi kama ile, na wote wawili wana haki ya kuambiwa kwamba kwenye nyumba moja mlango wa jikoni ulifungwa.

Kilichobadilika ni utaratibu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, tulipomweleza kisa chote, alipanga miadi ya Neema upya kwa majira. Kuanzia Mei hadi Septemba, miezi ya ukungu, wanakwenda kwa ndege ya ratiba pale anapofanikiwa kuwatafutia tiketi, na kwa basi asipofanikiwa. Kiangazi wanakwenda na mzee. Sikujua kwamba jambo kama hilo linaombwa. Linaombwa. Ukiwa na mgonjwa mji mdogo, mwulize mtu wa ustawi wa jamii kuhusu majira, na mwambie wazi kwamba usafiri wako unategemea hali ya hewa. Na kama Kiingereza kinakukwaza huku Australia, usisaini chochote kwa kukisia, huduma ya taifa ya wakalimani kwa simu inapatikana saa 24 kwa 131 450, na Kiswahili kipo.

Mara ya kwanza waliporuka ilikuwa Novemba, mwezi ambao lile ziwa letu la volkano huwa linageuka kuwa buluu kali na watalii wanakuja kulipiga picha. Mama Neema alikaa mbele na hakufumbua macho mpaka walipopita Coorong. Neema, ambaye hakuwa na hofu yoyote, alikaa nyuma na kuhesabu ng'ombe hadi wakawa wadogo mno kuhesabika. Saa moja na dakika 50, na mgongo haukumuuma.

Walipotua, mzee alitoa daftari lake akaanza kuandika. Neema akauliza anaandika nini. Akamwonyesha: tarehe, herufi za ndege, kutoka wapi kwenda wapi, aina ya safari, muda. Akamweleza kwamba safari hii lazima iandikwe hivyo, ni sheria. Tangu hapo Neema ndiye anayejumlisha safu ya saa, kwa kuwa mzee husema hesabu za kichwa zimemshinda. Wiki iliyopita alinivukia barabara kuja kunipa taarifa: wamefika 1,312 na nusu.